Picha inang'aa, mkanda haufiki: lawama yangu kwa tunavyopanga mashine kwenye kompyuta

Kama umewahi kupokea faili la mashine kutoka kwa mwenzako kwenye flashi, ukalifungua, ukakuta fremu ipo lakini injini haionekani na kompyuta inakuuliza faili la shafti liko wapi, basi makala hii inakuhusu moja kwa moja. Kama hujawahi, usiondoke. Nitaanza tangu mwanzo, na mbele kidogo tutafika kwenye ndege iliyochelewa karibu miaka miwili kwa sababu ya nyaya.

Muhula huu nasaidia kusahihisha miradi ya wanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo. Kwa macho, miradi ni mizuri mno. Chuma kinang'aa, kivuli kinaanguka sakafuni, kuna hadi video ya mashine inayojifungua kipande kwa kipande angani na kurudi. Sehemu kubwa ya alama inakwenda huko. Hakuna alama hata moja ya kumwambia mwanafunzi, "Haya, badilisha kipimo kimoja hapo, tuone." Nami sina ujasiri wa kuwacheka, kwa sababu mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulipata A kwa kosa hilohilo. Lawama yangu ni hii: tunafundishwa vizuri sana kuchora kipande, halafu kazi ya kuvipanga vipande hivyo viwe mashine tunaachiwa tuiokote njiani, kana kwamba ni suala la kupanga folda tu.

Twende taratibu. Mashine yenye vipande vingi haichorwi kwenye faili moja. Shafti ina faili lake, puli lake, bolti lake. Kisha kuna faili la asembli, ndilo linaloonyesha vyote vikiwa pamoja. Wengi tunadhani asembli ni sanduku lenye vipande ndani. Siyo kabisa. Ndani ya asembli hakuna chuma chochote; kuna orodha ya majina ya mafaili, anwani za mahali yalipo, na maelezo ya kila kipande kikae wapi. Ndiyo maana ukimtumia mtu asembli peke yake anafungua hewa tupu. Faida yake ni kwamba bolti moja ya M10 ikitumika mahali arobaini, faili linabaki moja, na ukiirefusha, zote arobaini zinarefuka. Wazo hilo ni la zamani. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 katika Sketchpad, programu ya tasnifu yake ya udaktari pale MIT: unachora umbo mama mara moja, unaliita mara nyingi upendavyo, na ukimbadilisha mama, wana wote wanafuata.

Kukaa wapi je? Kipande kilichoachwa hewani kina njia sita za kwenda. Kinaweza kusogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na kinaweza kuzunguka kwenye kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu. Wewe unakiwekea masharti: uso huu ugusane na ule, shafti hii iwe katikati ya tundu lile. Kila sharti linakipunguzia uhuru mpaka kitulie. Vipande vichache vikishatulia vinakuwa asembli ndogo, asembli ndogo zinaingia kwenye kubwa, na upande wa kushoto wa skrini unaona mti wake: mashine, matawi, vijitawi, majani. Programu karibu zote zinakupa mti huu, kuanzia SolidWorks iliyotoka 1995 hadi FreeCAD ya bure, ambayo toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 ndilo lililoingiza sehemu yake yenyewe ya kufungia asembli.

Sasa mti huo ndio wenye kesi.

Tulikuwa wanne, na mashine yetu ilikuwa ya kupukuchua mahindi. Tuligawana kazi: mmoja fremu, mmoja feni na chekeche, mmoja injini, mimi dramu lenye meno na shafti yake. Mti wetu ukawa na matawi manne, na nisikufiche, mafolda yaliitwa majina yetu. Kila mtu alikuwa mfalme kwenye tawi lake. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni dogo kweli: mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye dramu ni wa nani?

Nikauchora mimi, kwa sababu mwenzangu alikuwa na kazi nyingi. Puli ya injini ilikuwa na kipenyo cha milimita 100, ya dramu 300, na umbali kutoka kitovu hadi kitovu 500. Urefu wa mkanda hauna uchawi: chukua umbali mara mbili, ongeza nusu ya pai mara jumla ya vipenyo, kisha ongeza mraba wa tofauti ya vipenyo uliogawanywa kwa umbali mara nne. Inakuja 1000, jumlisha 628, jumlisha 20, sawa na milimita 1648. Nikachora umbo la urefu huo, nikalibandika kwenye puli yangu, nikalifunika kwa kava, nikaendelea na mambo mengine. Lilikuwa umbo lililokufa. Halikujua kwamba kuna injini duniani.

Wiki mbili baadaye mwenzangu wa injini aliona kifuniko cha tangi la mafuta kinagonga hopa. Akaisogeza injini milimita 40. Kwenye faili lake kila kitu kilikuwa safi. Kwenye asembli kuu pia hakuna alama nyekundu hata moja iliyowaka, maana hakuna sharti lililovunjika. Sharti la kuvunjika halikuwepo. Mkanda ulibaki palepale, upande mmoja umekatiza katikati ya puli yake, nyuma ya kava, ambako hakuna aliyechungulia. Picha ikapigwa. Alama zikatoka.

Karakana ndiyo iliyosema ukweli. Matundu ya injini yameshatobolewa kwa mchoro mpya, mkanda umenunuliwa kwa hesabu ya zamani. Umbali ukiwa 540, mkanda unaohitajika ni kama milimita 1727, yaani wa kwetu ulipungua karibu sentimita nane. Fundi akauvuta, akaucheka, akaniuliza, "Sasa dogo, hata kama ungefika, ungeukaza na nini?" Sikuwa na jibu. Mkanda hulegea kadiri unavyofanya kazi, na mashine karibu zote za mtaani unazoziona zina matundu marefu chini ya injini ili uilegeze, uivute nyuma, uifunge tena. Sisi tulichora matundu manne ya duara, mazuri, yenye vipimo vya desimali mbili.

Alichukua grainda akayarefusha. Lakini injini ikirudi mbele, tangi linagonga hopa tena, kwa hiyo na hopa ikakatwa na kuchomelewa upya. Tulimaliza wiki tatu baada ya siku tuliyoahidi. Kikundi cha wakulima kilichochangia vyuma kilikuwa kimeshapiga mahindi yake kwa magongo, na hatukuwa na la kuwaambia.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka kadhaa, na naona uzembe wetu hauelezi yote. Jiulize: kwenye ule mti, ile namba 500 ingekaa wapi? Si kipande. Haina faili. Haiko kwenye tawi la injini wala la dramu, iko katikati yao, na mti hauna katikati. Una wazazi na watoto tu. Programu inakuhesabia nati na bolti zote kwa usahihi wa kutisha, lakini kile kinachoifanya mashine iwe mashine, yaani makutano ya kipande na kipande, inakizika chini kwenye orodha ya masharti yenye majina ya ajabu kama "Sanjari 47". Nani anafungua Sanjari 47?

Hapa watetezi wa mti huleta hadithi ya watengeneza saa wawili. Huenda umeikuta darasani. Aliisimulia Herbert Simon mwaka 1962 katika makala yake kuhusu usanifu wa vitu tata, miaka 16 kabla ya kupata Nobel ya uchumi. Hora na Tempus wanatengeneza saa za vipande 1000. Tempus anaunga kipande kwa kipande hadi mwisho. Simu ikiita, anaiweka saa chini na yote inasambaratika. Hora anaunga vipande kumi kumi, kisha makumi kumi, kisha mafungu kumi makubwa. Simu ikiita anapoteza fungu moja dogo tu. Simon alipiga hesabu: kama nafasi ya kukatizwa ni moja kwa mia kila anapoongeza kipande, Tempus atatumia muda wa takriban mara elfu nne ya Hora kwa saa moja. Somo tunalopewa: gawanya mashine yako kwenye asembli ndogo ndogo.

Mimi naona hadithi hiyo inasomwa nusu. Siri ya Hora haikuwa kugawanya kwa kumi. Siri ni kwamba kila fungu lake, likiwekwa mezani, linasimama lenyewe bila kuhitaji kushikwa na jingine. Simon mwenyewe alilieleza hilo vizuri kuliko wanaomnukuu: mgawanyo unafaa pale ambapo vilivyo ndani ya fungu vinategemeana sana, na mafungu kwa mafungu yanategemeana kidogo. Sasa rudi kwenye mashine yetu. Puli mbili, mkanda na kikazio ni vitu vinne visivyoweza kuishi bila kila mmoja, nasi tulipitisha kisu katikati yao, kwa sababu tu mmoja wetu alikuwa na kompyuta yenye nguvu ya kuchora injini. Na utagundua kwamba kwenye saa za Hora na Tempus hakuna waya hata mmoja.

Unaweza kusema, ah, hayo ni ya wanafunzi, kampuni kubwa haziwezi. Basi tuitazame Airbus A380.

Ndege hii iligawanywa kwanza kwa nchi. Mabawa yalitoka Broughton kule Wales, sehemu kubwa za kiwiliwili Hamburg, vipande vya mkia Hispania, na kufungwa kwa mwisho kukawa Toulouse, Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na nyaya za takriban kilomita 530. Waya, kama mkanda wetu, hauna tawi. Unaanzia kwenye sehemu moja ya kiwiliwili, unavuka mahali inapoungana na nyingine, unapanda, unapinda, unakwenda hadi taa ya kusomea ya abiria. Kila mahali ndege ilipokatwa, waya ulikatizwa.

Halafu Ujerumani na Hispania walikuwa wanatumia toleo la 4 la programu ya CATIA, wakati Ufaransa na Uingereza wameshahamia toleo la 5. Haya hayakuwa matoleo yanayofunguana kirahisi kama simu yako inavyopata sasisho. Toleo la 5 liliandikwa upya, na kuhamisha modeli kutoka moja kwenda jingine kulipoteza maelezo. Ongeza kwamba baadhi ya nyaya zilikuwa za alumini badala ya shaba ili kupunguza uzito, na alumini ina sheria zake za kupinda. Ongeza pia mashirika ya ndege, kila moja likitaka viti na burudani zake, na kila badiliko likisogeza nyaya. Matita ya nyaya yalipofika Toulouse kufungwa, mengine yalikuwa mafupi. Yaani hayakufika. Wataalamu wakasafirishwa kutoka Ujerumani kwenda kuunga kwa mikono.

Ndege iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Aprili 2005, kila mtu akapiga makofi. Juni 2006 kampuni mama, EADS, ilipotangaza uchelewaji mwingine, hisa zake zilianguka kwa karibu robo kwa siku moja. Mwezi uliofuata wakuu wawili, Noël Forgeard wa EADS na Gustav Humbert wa Airbus, walijiuzulu. Oktoba ukatangazwa uchelewaji mwingine tena, pamoja na makadirio ya faida itakayopotea hadi 2010: euro bilioni 4.8. Mteja wa kwanza, Singapore Airlines, alikabidhiwa ndege yake tarehe 15 Oktoba 2007.

Masimulizi mengi ya kisa hiki yanaishia hapo: matoleo mawili ya programu, basi. Ni maelezo matamu lakini nayaona mepesi. Ukiwapa wote toleo la 5 na ukaacha waya bila mwenyewe, utapata matita mafupi yenye mafaili yanayofunguka vizuri. Hasara ya toleo ilikuwa kwamba hakukuwa na modeli moja ambayo mtu angeweza kuifungua asubuhi akaona waya mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na mabadiliko ya jana. Waya ulionekana vipande vipande, kila nchi na kipande chake. Sisi tulikuwa na mafolda yenye majina yetu. Wao walikuwa na mafolda yenye bendera.

Boeing, miaka kumi kabla, walikuwa wameliona hili kwa upande mwingine. Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994, ilichorwa yote kwenye kompyuta kwa CATIA hiyohiyo. Watu hukumbuka kompyuta. Mimi kinachonivutia ni kwamba waliunda timu 238 ambamo mchoraji, mtu wa kiwandani na hata muuza vipuri walikaa pamoja wakishughulikia sehemu moja ya ndege. Waliwapanga upya watu pamoja na mafaili. Melvin Conway alikuwa ameshaandika mwaka 1968 kwamba taasisi inayosanifu kitu hujikuta imenakili ndani ya kitu hicho namna watu wake wanavyowasiliana. Alikuwa akizungumzia kompyuta, lakini nikimfikiria mwenzangu wa injini, ambaye sikuongea naye wiki mbili nzima, naona alitusema sisi.

Dawa je? Ipo moja inayojulikana, ila kozi yetu haikuigusa. Kabla ya kuchora kipande chochote unafungua faili la kiunzi. Halina chuma. Lina mistari, nyuso tupu na namba chache ambazo kila mtu anazitegemea: mhimili wa dramu hapa, mhimili wa injini pale, umbali kati yao 500, hopa isishuke chini ya mstari huu. Kila tawi linafunga vipande vyake kwenye kiunzi, halifungi kwenye vipande vya jirani. Mwenzangu angetaka kusogeza injini, angelazimika kwenda kubadilisha 500 kuwa 540 mahali ambapo sote tunaona, na mkanda uliochorwa kutokana na namba hiyo ungerefuka wenyewe hadi 1727. Hata duka la vipuri lingepata namba sahihi.

Nisikudanganye kwamba kiunzi hakina adha. Nimeona mtu akiingiza kila kitu humo, mpaka rangi ya bolti, na kiunzi kikawa mashine ya pili. Kila anayekigusa anavunja kazi za watu kumi. Pia kuna ugonjwa wa majina: programu nyingi hukumbuka uso wa kipande kwa namba, ukiongeza tundu dogo, uso wa 6 unageuka kuwa wa 9, na masharti yote yaliyoshika uso wa 6 sasa yameshika kitu kingine. FreeCAD ilisumbuka na hilo miaka mingi hadi toleo la 1.0 lilipolipunguza makali. Kwa hiyo namba chache, zenye majina ya kueleweka. Kwa mashine yetu zingetosha sita au saba.

Mwezi uliopita niliomba ruhusa ya kujaribu kitu kwenye kipindi cha vitendo. Sikuomba picha. Nilikwenda kundi kwa kundi nikasema, "Puli ya injini ya milimita 100 haipatikani dukani, ipo ya 120. Badilisheni." Kundi la kwanza, skrini nzima ikawa nyekundu. La pili hakikutokea chochote, ambalo kwangu ni baya zaidi, puli ilinenepa ndani ya mkanda na wao wakaniambia imekubali. Kundi la tatu walikaa kimya, kisha dada mmoja akauliza, "Samahani kaka, huu mkanda tuuweke kwa nani?"

Wakabishana hapo dakika ishirini nzima, mpaka wa fremu akaingilia kwa sababu reli za injini zimo kwenye fremu yake. Niliwaacha. Niliporudi walikuwa wamefungua faili jipya, na ndani yake hapakuwa na chuma, mlikuwa na mistari miwili na namba moja. Tena wa fremu alikuwa ameshaanza kurefusha matundu ya injini.